Sifuri za Ijumaa

Mwezi wa sita ukiingia, miguu ya Omondi huwa imekwisha kuvimba. Anasimama saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa juma, katika ukumbi wa chini wa jengo refu la makazi kule Lusail, pembeni mwa Doha, akiwafungulia watu mlango ambao ungeweza kujifungua wenyewe. Kiti kipo nyuma ya meza ya mapokezi, lakini msimamizi hapendi kumkuta mlinzi amekikalia wakati wenye nyumba wanapita, na wenye nyumba hupita kutwa. Kwa hiyo Omondi husimama. Mwaka huu ni wa tisa.

Siku yake ya mapumziko ni Ijumaa. Ukimwuliza anapumzikaje Ijumaa za mwezi wa sita, atakutazama kwanza, halafu atacheka kidogo puani.

Ijumaa anakwenda Mesaimeer, kwenye makanisa, kusali, kama wengi wetu. Ibada ikiisha, watu humwagika nje kuelekea yanakosimama mabasi, na huko kuna ukuta unaotoa kivuli chembamba, upana wa mtu mmoja aliyeketi. Omondi hugeuza kreti ya plastiki, akaikalia, akatoa simu, betri ya akiba na daftari la jalada jekundu. Foleni huwa imeshajipanga kabla hajapata mkao. Watu wanakuja na vikaratasi. Juu ya kila kikaratasi pana namba ya PIN ya kodi na neno la siri. Wengine wameandika nyuma ya risiti ya bakala, duka la mtaani, wengine kwenye kipande cha boksi la sabuni.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya ambaye hajawahi kubanwa na jambo hili. Mkenya mwenye PIN anatakiwa kujaza ritani, taarifa ya mapato na kodi, kila mwaka kabla Juni haijaisha, na hesabu inayotakiwa ni ya mwaka uliotangulia. Asiyejaza hupigwa faini ya shilingi elfu mbili. Haidhuru yuko Ahero au yuko Doha. Hawa wa ukutani mwaka uliotangulia hawakuwa na mapato yoyote Kenya, basi ritani yao ni sifuri. Nil, kama wenyewe wanavyoiita. Ukiwa umezoea, nil ni dakika tano kwenye simu. Ukiwa hujazoea ni asubuhi nzima, na mwisho wake umefungiwa nje kwa kukosea neno la siri mara tatu.

Omondi amezoea. Nyumbani alikuwa karani wa stoo katika kinu cha mchele, na kwa kuwa yeye na kompyuta walielewana, kila Juni wenzake walimrushia ritani zao. Alipofika Doha hakumwambia mtu. Ila mwaka wa kwanza alimsaidia jirani wa kitanda cha juu, aliyekuwa na faini za miaka minne. Mwaka wa pili wakaja sita. Siku hizi ni sitini na zaidi. Halipwi. Kuna anayemletea maji baridi, kuna anayemletea sambusa zilizofungwa kwenye foili, na mama mmoja aliwahi kumpa soksi nene za kusimamia kazini, ambazo bado anazisifu ingawa visigino vimekwisha.

Sasa, ana namna yake ya kufanya kazi, na ndiyo iliyomponza. Miaka ya mwanzo alikuwa akimwuliza kila mtu maswali. Ulikuja lini, una shamba la kukodisha, una duka limebaki na mtu. Kisha foleni ikarefuka, jua likawa lile lile, akaacha kuuliza. Anapokea kikaratasi, anakibandika daftarini, anasema, "Sisi wa Doha wote ni nil, usijali." Ameyasema maneno hayo mara nyingi mpaka watu wa foleni humalizia kabla yake. Zile asizozimaliza Ijumaa huzijaza katikati ya wiki, kwenye basi la kampuni linalowachukua alfajiri kutoka kambini Umm Salal, akiwa ameegemeza kichwa kwenye kioo na kidole kimoja kinafanya kazi.

Juni iliyopita, Ijumaa ya pili, alikuja mwanamke mmoja kutoka Meru aitwaye Gakii, au Mama Kendi. Ana miaka arobaini na tatu, mrefu, na hushika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyeko ofisini kwa watu. Yeye pia ni mlinzi, kwenye jumba la maduka, kazi yake ni kukagua mikoba ya wanawake mlangoni. Alitaka kusema neno. Nyuma yake walikuwepo watu ishirini na mtoto mmoja anayelia. Omondi akapokea kikaratasi chake, akasema wa Doha wote ni nil, foleni ikamalizia usijali, na Gakii akasogea pembeni akidhani labda ndivyo mambo yalivyo.

Jumatano iliyofuata, kati ya Umm Salal na Lusail, Omondi akaituma nil yake pamoja na za wengine kumi na mmoja.

Ijumaa ya tatu Gakii alirudi. Safari hii alikuwa na bahasha ya kaki mkononi. Alisubiri mpaka foleni ikapungua, akachuchumaa mbele ya kreti ili wasisikie wengi, akamwita Omondi kwa jina la bintiye.

"Baba Achieng, naomba dakika mbili tu. Ile yangu, bima ya mtoto utaiweka wapi?"

"Bima gani, Mama Kendi?"

Akamtolea barua. Karibu na pale alikuwa amesimama Levis, kijana wa Machakos anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli, mtu wa mdomo ambaye huja kila Ijumaa kumtania Omondi na kunywa maji yake. Levis akamwambia Gakii kwamba amekosa dirisha. "Hapa ni nil peke yake, mama. Bima uliza ndani kwa mchungaji, wao ndio wako na ile ya mbinguni."

Waliobaki wakacheka. Omondi hakucheka, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika katikati ya barua. Ilikuwa cheti cha bima ya elimu, cha mwaka uliotangulia, kinachoonyesha shilingi elfu nne kila mwezi, miezi kumi na miwili, bila kukosa.

"Mwaka jana ulikuwa wapi?" akamwuliza.

"Nkubu, kazini."

"Mwaka mzima?"

"Nilipanda ndege tarehe thelathini Desemba. Si nilitaka kukuambia ile siku? Ukasema sisi wa Doha wote ni nil."

Omondi akakunja barua. Akaikunjua. Baadaye alikiri kwamba hapo alipata wazo la kumwambia asiwe na wasiwasi, inashughulikiwa, halafu atafute njia kimya kimya. Lakini alikuwa amechoka, na akaona uongo ungemchosha zaidi.

"Nilishaituma," akasema. "Jumatano, nikiwa kwa basi. Nimeiambia serikali kwamba mwaka jana hukupata hata shilingi."

"Na ile kodi walikuwa wananikata kila mwezi?"

"Kulingana na ritani yako, hukuwa na mshahara wa kukatwa."

Gakii alikuwa bado amechuchumaa. Aliposema, sauti haikupanda.

"Mwaka mzima nimeamka saa kumi alfajiri kuamsha wasichana mia mbili. Na wewe umeandika sikuwepo."

Levis akaiweka chini chupa ya maji.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Gakii alikuwa matron katika shule ya bweni ya watu binafsi. Kendi, bintiye wa pekee, alipokuwa chekechea, alimchukulia bima ya elimu ya miaka kumi, na tangu hapo, kila tarehe tano, alituma elfu nne kwa simu yake mwenyewe. Mwaka ule wa bima ulikuwa wa tisa. Sheria ya kodi ya Kenya inamruhusu anayelipa bima ya namna hiyo, ya miaka kumi au zaidi, kupunguziwa kodi kwa asilimia kumi na tano ya alichokilipa. Lakini kwa kuwa Gakii alilipa mwenyewe na si kupitia shuleni, mshahara wake ulikatwa kodi kamili kana kwamba hana bima. Njia ya kuipata nafuu hiyo ni kuidai mwenyewe kwenye ritani. Hakuwahi kujua. Wakala wa bima ndiye aliyemwandikia juma la kwanza la Juni na kumwambia: dai, utarudishiwa elfu saba na mia mbili.

Na alimwandikia kwa sababu Gakii alikuwa nyuma miezi miwili. Mshahara wa Doha, tangu ule wa kwanza, ulikuwa ukiingia kwenye chama kilichomkopesha nauli na ada za safari, na kinachobaki kilikuwa chakula cha Kendi na bibi yake. Mkataba wa bima unasema ukifikisha miezi mitatu bila kulipa, imekufa. Unarudishiwa kitu, lakini si ulichoweka. Elfu saba na mia mbili zingekaribia kuifuta ile miezi miwili. Gakii alikuwa amezitegemea. Alishamwambia hata Kendi.

Omondi akamweleza kwamba ritani ikitumwa vibaya inaweza kurekebishwa, unatuma nyingine ya masahihisho juu yake. Alitaka limalizike kabla ya Juni kuisha, ambapo zilikuwa zimebaki siku kumi. Ila hiyo haijazwi kwa kidole kwenye basi. Ile fomu yenye sehemu ya bima ilitaka kompyuta. Na ilitaka P9, yaani karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa mwezi kwa mwezi.

"Hiyo P9 iko na nani?"

Gakii akatazama mabasi. "Iko na Phyllis."

Phyllis ni mhasibu wa ile shule. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Gakii mwenyewe halisemi kwa raha. Aliondoka wakati wa likizo bila kumuaga mtu. Viza ilikuja ghafla, aliogopa wakijua watamzuilia mshahara wa Desemba, akafunga bweni, akaacha ufunguo kwa bawabu. Shule ilipofunguliwa Januari wasichana mia mbili walifika na masanduku yao, na matron hayupo. Phyllis, mhasibu mzima, alilala bwenini wiki mbili.

Kwa hiyo simu ya Jumamosi ile haikuwa nyepesi. Gakii aliipiga akiwa chooni kazini, mahali pekee penye utulivu. Phyllis alimwacha aombe mpaka amalize, halafu akauliza kama huko Qatar karatasi zimeisha, maana hawakuwahi kupata barua yake ya kuacha kazi.

"Nisamehe, Madam. Nilikosea."

"Ulikosea nani? Wasichana wananiita matron mpaka leo. Kuna mmoja alinitapikia."

Gakii akamwomba tena amsamehe. Phyllis akasema faili la mtu ambaye hajaacha kazi rasmi haliwezi kufungwa, na faili lisilofungwa halitoi P9, ndivyo mwenye shule alivyoagiza. Akitaka karatasi, aandike barua. Ya kuacha kazi. Pamoja na sababu.

Ndivyo Gakii alivyotumia jioni tatu, kitandani kambini, kuandika kwenye simu barua ya kuacha kazi ambayo alishaiacha miezi sita nyuma. Sehemu ya kuanza na kumaliza ilikuwa rahisi. Sababu ndiyo iliyomshinda. Aliandika ya mshahara, akafuta. Aliandika ya ndoto za kujiendeleza, akafuta, ikionekana ya uongo. Mwishowe aliandika kwamba ana mtoto mmoja na hakuona njia nyingine, na kwamba anajua ilikuwa vibaya kuondoka bila kuaga. Akaituma Jumatano. Alhamisi jioni P9 ikaja, miezi yote kumi na miwili, imepigwa muhuri, na chini yake ujumbe wa Phyllis: "Kendi yuko gredi ngapi sasa? Mwambie Madam anamsalimia."

Wiki hiyo Omondi naye hakulala vizuri. Simu yake ilikuwa na watu arobaini wanaouliza kama zao zimeingia. Kila alipofungua daftari aliona vikaratasi vyake vimebandikwa safu kwa safu, na akawa anajiuliza ni wangapi kati ya hao nao aliwaandika hawakuwepo. Akaanza kuwapigia, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko ya chakula. Ulikuja lini? Mwaka jana ulikuwa wapi? Wengi walimcheka. Mmoja alimwambia, "Omosh, umeajiriwa na serikali?" Alimaliza wote sitini Alhamisi. Hakupata mwingine kama Gakii. Chakula chake alikila kwenye basi siku zote nne.

Ijumaa ya mwisho ya Juni walikutana watatu, Omondi, Gakii na Levis, kwenye mkahawa mdogo wa karak, ile chai nzito ya maziwa, usio mbali na makanisa. Levis alikuja na kompyuta yake ya mkononi, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, vitufe vyake vina herufi za Kiarabu na za Kiingereza zikigombea nafasi. Alisema anaikodisha kwa karak mbili na lazima apewe heshima. Akapewa karak mbili.

Omondi akafungua fomu. Akaweka PIN, akachagua kwamba hii ni ritani ya masahihisho. Akaingiza mshahara na kodi, Gakii akimsomea kutoka kwenye P9 kwa sauti ya bweni, taratibu, ile ya kusomea majina ya wasichana. Mezani kulikuwa na feni inayovuma upande mmoja tu. Hayo ya mshahara yalikwenda.

Kisha wakafika karatasi ya bima. Inataka aina ya bima, elimu. Inataka PIN ya kampuni ya bima, ipo kwenye cheti. Namba ya mkataba. Tarehe ya kuanza, mwezi wa tatu, miaka minane iliyopita. Omondi akaandika, akabonyeza, na tarehe ikageuka. Ikasema mwaka 1438.

Akafuta, akaandika tena. 1438. Akaandika tarehe ya kuiva bima, nayo ikarudi nyuma karne nyingi. Na chini yake maandishi mekundu, kwamba tarehe haikubaliki.

"Imesema nini?" Gakii akauliza.

"Imesema bima ya Kendi ilianza kabla ya wazungu kufika Meru."

Alijaribu mara sita. Alifunga fomu akaifungua upya, na alipofungua, mishahara yote waliyoingiza ilikuwa imepotea kwa kuwa hakuihifadhi. Wakaanza tena mwanzo. Gakii akasoma tena, Januari mpaka Desemba. Karak ikapoa. Walipofika kwenye bima, ikawa 1438 tena, na Omondi akakaa akiitazama skrini, mikono magotini.

Ni Levis aliyegutuka. Akaonyesha pembe ya chini ya skrini, ilipo saa. Huko nako mwaka ulikuwa ni wa Hijria. Yeye alishazoea, hakuwa akiutazama, tarehe za kazini alizisoma kwenye simu. Kompyuta ilikuwa bado na mpangilio wa mwenyewe wa kwanza, ikihesabu miaka kama inavyohesabiwa huku.

"Omosh, hii mashini ni Mwarabu," akasema. "Na wewe unaijazia mambo ya Nairobi."

Ikawachukua dakika ishirini kuubadilisha mpangilio, kwa sababu menyu zilikuwa za Kiarabu na ilibidi wamwite mpishi wa mkahawa, mtu wa Sudan, aje awasomee huku amekunja aproni. Alipomaliza akauliza wanafanya nini. Gakii akamwambia ni masomo ya mtoto. Yule mpishi akainamisha kichwa kwa heshima, akarudi jikoni, na karak ya tatu ikaja bila kuagizwa.

Tarehe ikakubali. Omondi akaendelea bila kuangalia maelekezo, anajua kila kisanduku kinataka nini kabla hakijauliza. Kiwango cha bima, jumla ya malipo ya mwaka, jina la mtoto.

Levis akamtazama. "Hii karatasi umeijulia wapi? Mambo yako si ni nil?"

"Niliwahi kuijaza."

"Ya nani?"

"Ya Achieng. Nikiwa kwa kinu."

"Na ikaenda wapi?"

"Ilikufa mwaka wa sita," Omondi akasema, akiendelea kuandika. "Nilikuwa nimefika tu huku. Mama Kendi, nisomee hiyo namba ya mkataba tena, ya mwisho ni tisa au nne?"

"Nne," Gakii akasema. Halafu akaisoma yote upya, polepole kuliko mara ya kwanza.

Fomu ikajumlisha yenyewe. Elfu arobaini na nane zilizolipwa, nafuu elfu saba na mia mbili. Omondi akaihifadhi, akaipandisha kwenye tovuti ya kodi, akasubiri. Mtandao wa mwisho wa Juni mnaujua. Duara likazunguka mpaka Levis akaenda kuosha uso akarudi. Kisha ikaja stakabadhi: ritani ya masahihisho imepokelewa, ombi la kurudishiwa linasubiri kupitishwa.

Gakii akaomba aione. Akaisoma juu mpaka chini. "Kwa hivyo mwezi ujao?"

Omondi alikuwa amengoja swali hili tangu asubuhi. Akamwambia hapana. Ritani iliyobadilishwa kutoka sifuri lazima ipitiwe na afisa, na kwa vile yeye ndiye aliyeandika sifuri, muda huo ni yeye aliyeuongeza. Huenda ikawa miezi. Huenda wakaomba karatasi nyingine. Akamwambia pia kwamba ana riyali mia na ishirini mfukoni na angependa azichukue, alipe mwezi mmoja wa Kendi.

Gakii akazitazama zile noti juu ya meza.

"Wewe ya Achieng ulikosa elfu ngapi kuiokoa?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka." Akazisukuma zile noti kumrudishia, kwa upole. "Weka, Baba Achieng. Nunua soksi."

Alichofanya Gakii ni hiki. Aliuza Ijumaa zake. Kampuni yao ilikuwa na upungufu wa walinzi wa kike, na anayekubali kufanya kazi siku yake ya mapumziko huongezewa pesa. Kuanzia Ijumaa ya kwanza ya Julai akawa mlangoni, anakagua mikoba ya familia zinazokuja kutembea kwenye baridi ya duka. Siku saba kwa juma, joto la Agosti nje, na yeye ndani, amesimama. Malipo ya bima yakaendelea. Mwezi mmoja nyuma, wakati mwingine miwili, mitatu kamwe.

Mesaimeer Gakii hakuonekana. Omondi alikuwa akiangalia upande ule alikozoea kusimama, halafu anaangalia simu. Kila mwisho wa mwezi aliingia kwenye akaunti ya Gakii, kwa ruhusa yake, kuona kama pamebadilika kitu. Linasubiri. Linasubiri. Oktoba waliomba cheti cha bima kilichopigwa muhuri upya, wakala akakituma. Linasubiri. Alikuwa akimwandikia neno hilo moja tu, naye anajibu kwa neno moja, sawa.

Februari pesa ikaingia. Gakii hakumpigia Omondi. Ijumaa iliyofuata alitokea tu kanisani, amekonda, amevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri, akakaa benchi la nyuma, na kabla mahubiri hayajafika nusu akawa amelala usingizi mzito huku ameshika mkoba kwa mikono miwili. Watu wa benchi lile wakamwacha.

Juni hii Omondi yuko ukutani tena. Foleni inakwenda polepole kuliko zamani na watu wanalalamika, kwa sababu anamwuliza kila mtu. Levis anasema siku hizi kupata nil ni vigumu kuliko kupata viza. Ijumaa ya kwanza, zamu ya Gakii ilipofika, alimpa kikaratasi chake. Omondi akaanza kukibandika, akasimama, akainua macho.

"Mwaka jana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa," Gakii akasema. "Nimesimama."

"Kuna chochote ulipata Kenya? Mshahara, kodi ya nyumba?"

"Hakuna."

"Bima ya Kendi?"

"Mwaka wa kumi. Inaiva mwezi wa tatu mwakani."

Omondi akaandika nil kando ya jina lake. Kisha akasogea kwenye kreti, akamwachia nafasi ya mtu mmoja pale kwenye kivuli, naye akaketi, akavua viatu.